Silabusi ya mwaka jana si bangi



Grupu ya WhatsApp ya promosyo yetu, hapa Bukavu, ilikuwa soko kupita soko ya Kadutu. Mwenye kumaliza anaweka foto: matela, rasho, kalkulatrisi, bluzi ya labo, silabusi zote za mwaka. Mwenye kuingia anauliza bei, wanapatana, wanakutana Place de l'Indépendance, franga zinapita ku telefone, kwisha. Hakuna mtu wa katikati, hakuna kamisyo. Wengi wetu tulisoma hivyo. Sisi wenye kuandika haya tuko na diplome na hatuna kazi. Silabusi tulizouza njo zilitulipia nyumba miezi ya mwisho.

Sasa soko hiyo wanaifunga. Asistanti anapita ku oditwari na liste. Mwenye amenunua silabusi mpya, jina linaandikwa. Mwenye amekuja na ile ya mkubwa wake wa mwaka jana, hapana. Tuliweka silabusi mbili za kozi moja kando kando, ya zamani na mpya. Kurasa zile zile, hata makosa ya kuandika ni yale yale! Chenye kimebadilika ni mwaka ku ganda, na bei: dola 3 imekuwa dola 5. Zidisha kwa kozi zote za mwaka. Mama mwenye anauza sambaza, juu ya minervali, hizo atazitoa wapi?

Wanatujibu eti hakuna mtu analazimishwa. Basi liste ni ya nini? Mwenzetu mmoja alipata 7 ku 20 ku kozi yenye yeye ndiye alikuwa anatufasiria. Alipoomba kuona kopi yake, swali la kwanza: "Uko ku liste?"

Wanasema tena kama vitu vya okazyo vinaleta wizi na utapeli. Kweli, kuna mmoja alitumiwa franga za kalkulatrisi akafunga namba. Tulimtoa ku grupu, tukapatana: unalipa ukishika kitu mukononi, kama ni telefone, piga *#06#, namba iandikwe ku karatasi, wote wawili watie sinyatire. Wanafunzi walijitengenezea hiyo bila mukubwa yeyote. Na hadithi ya wizi tunaijua. RAM nayo ililetwa 2020 eti kupiga vita telefone za wizi na za bandia. Ikakata unite zetu, raia wakapiga kelele, ikafutwa 2022. Telefone za wizi ziko palepale.

Tunajua ba prof na ba asistanti wanalipwa kidogo, tena kwa kuchelewa. Wadai serkali, na siku hiyo tutatembea nao barabarani. Lakini deni ya serkali wasiitafute ku mufuko wa mtoto wa maskini.

Tunadai liste zitoke ku oditwari mbele ya sesyo ya kwanza, na kila kozi itumwe PDF ku grupu, bila franga. Wenye munataka karatasi, mutapiga fotokopi wenyewe.

Na ninyi wanafunzi, wekeni silabusi zenu ku grupu leo, na bei yake. Mwenye atakataliwa apige foto ya liste atuletee. Jina lake tutalificha. Jina la kozi hatutalificha.