Twende na mikono misafi

Makamanda wenzangu, wiki iliyopita nilitoka Dar kwenda nyumbani Masasi kwa basi. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye chupa zinazotupwa dirishani. Daraja la Mkapa pale Rufiji, chupa. Somanga, chupa. Nangurukuru, chupa na mifupa ya kuku. Nikamuuliza konda kama hakuna hata ndoo ya taka humu ndani. Akacheka. "Dada'angu, we tupa tu nje. Barabara ya serikali hiyo."

Stendi moja mbele, mama mmoja alikuwa anawauzia abiria mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa Rambo. Mgambo wakamkimbiza, sinia likamwagika. Hatua chache kutoka pale, jalala la stendi lilikuwa linafuka moshi na watoto wanaokota humo. Jalala halikukamatwa na mtu.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo niseme wazi: sheria ya mifuko naiunga mkono. Kanuni zilianza kutumika Juni 1, 2019. Ukikutwa na mfuko, faini ni kuanzia elfu 30 mpaka laki 2, au jela isiyozidi siku 7. Kwa anayetengeneza, faini inaanzia milioni 20 na inaweza kufika bilioni 1. Kwenye karatasi mwenye kiwanda ndiye anayebanwa zaidi. Stendi anayekimbizwa ni mama wa mihogo. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Na wasitudanganye kwamba watu wa kawaida hawajui kutunza mazingira. Bibi yangu yuko Newala. Juu ya uwanda ule wa Makonde hakuna mto, maji yako bondeni. Dumu kwake ni mali. Likipasuka linazibwa, likishindikana linakatwa linakuwa chombo cha kupandia mchicha. Sokoni anakwenda na kikapu chake, na hakuna mtu aliyemfanyia semina hotelini. Wanaotufundisha mazingira wanakuja na msafara wa mashangingi, kila mmoja ndani ya gari lake na kiyoyozi, wakati basi moja lingewabeba wote.

Sasa tufanye nini? Wengi tukisikia mazingira tunadhani ni mambo ya watalii. Someni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinakuruhusu kwenda kuidai haki hiyo. Na sheria hiyo hiyo inazipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu.

Watu walishafanya hivyo hata kabla ya sheria hii kuwepo. Wakazi wa Tabata walichoka na jalala la Jiji la Dar es Salaam, wakaenda Mahakama Kuu. Katika kesi ya Joseph Kessy, iliyofunguliwa mwaka 1988, Jaji Lugakingira alikataa kuwaongezea Jiji muda wa kuendelea kumwaga taka pale, akaihusisha hewa ile chafu na haki ya kuishi iliyoko kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wa huko nao, Festo Balegele na wenzake mamia, wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Wale walikuwa majirani tu, waliokubali kuweka majina yao kwenye karatasi moja. Sisi tuna matawi mpaka vijijini, tunashindwaje?

Lakini kuna jambo tunalifundishwa darasani: anayekwenda kudai haki, aende na mikono misafi. Tulipigania mikutano ya hadhara tangu 2016 mpaka zuio lilipoondolewa Januari 2023. Nimehudhuria mikutano yetu. Tukimaliza kuimba na kunyoosha vidole, uwanja unabaki chupa tupu na vipeperushi vyenye nembo yetu. Asubuhi anaamka mama mwingine kufagia. Makamanda, yule konda wa "barabara ya serikali" tunatofautiana naye nini? Kesho tukimshitaki mkurugenzi kwa ajili ya jalala, wakili wake ataanza na picha za uwanja wetu.

Naomba tuanze na mawili. Kila mkutano, vijana wa tawi wabaki nusu saa baada ya hotuba ya mwisho, na uwanja uachwe kama ulivyokutwa. Na kila tawi liandike barua moja kwa halmashauri yake: jalala letu liko wapi, nani analisimamia, litahamishwa lini? Nakala mtunze. Wakikaa kimya, barua hiyo ndiyo kielelezo cha kwanza.

Ya Masasi nimeshaianza kuiandika. Wa Newala, nawasubiri.