Tupunguzieni Magari Mwendo Kwanza

Nauza kabichi na karoti Karatina, na mzigo wangu naubeba mgongoni. Ndiyo maana nikisikia watu wakidai madaraja ya waenda kwa miguu kwenye barabara ya Kenol–Sagana–Marua, ile ya kilomita 84, najiuliza ni nani atakayepanda ngazi zile na gunia. Mama mwenye mzigo, mzee mwenye goti bovu na kijana wa mkokoteni watapita chini, daraja liwepo lisiwepo.

Madaraja siyakatai. Ila pesa zikiwa chache, zianze kwa kupunguza mwendo wa magari pale watu wanapovukia: kivuko kilichoinuliwa, matuta mapana yenye rangi, taa, na mahali salama pa kusimama katikati. Yale matuta yanayomtokea mtu gizani bila rangi wala kibao siyatetei. Yamewaangusha watu wa bodaboda wengi.

Kijana wangu wa kidato cha nne alinipigia hesabu. Leni mbili ni kama mita 7. Nikiwa na gunia natembea mita moja kwa sekunde, basi nahitaji sekunde 7. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa litakuwa limekata mita 155. Likienda 50, ambayo ndiyo sheria inataka mijini, litakata mita 97. Sasa niambieni, asubuhi ya Julai, ukungu umetanda na watoto wako njiani kwenda shule na sweta zao nyeusi, nani anaona mita 155?

Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye Daraja la Nithi, kule Tharaka Nithi, likaua watu zaidi ya 30. Nchi nzima ililia, na mteremko wa kushukia daraja hilo lazima urekebishwe. Lakini anayegongwa peke yake Sagana au Kiganjo hatangazwi popote. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zinasema watu zaidi ya 4,700 walikufa barabarani mwaka 2024, na waenda kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lingine lolote. Hao ndio sisi.

Dereva mmoja wa matatu alinilalamikia kwamba matuta yatamchelewesha. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, mtu wa Kangema aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alipowalazimisha wenye matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, malalamiko yalikuwa hayo hayo, na bado walifunga. Nikarudi kwa kijana wangu na kalamu yake. Kupita kilomita moja ya mji kwa 50 badala ya 80 kunamchelewesha dereva sekunde 27.

Naomba wahandisi wa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, waje Karatina siku ya soko, kabla ya kuchora chochote, wavuke nasi wakiwa wamebeba gunia.