Mtungi wa Gesi Haufuati Desturi za Kuni

Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo kutoka Bagamoyo, wakakatiza Ugogo, hadi Unyanyembe karibu na mji wa leo wa Tabora. Siku hizi malori hupakia mitungi ya gesi ya kupikia Dar es Salaam na kufuata barabara ya Dodoma, Singida na Igunga, mpaka mitungi hiyo ifike madukani katika mahali kama Ziba. Mzigo umekwisha kufika. Maarifa ya kuutumia, kwa maoni yangu, bado yako njiani, na wa kuyafikisha ni sisi walimu wa sayansi pamoja na wanafunzi wetu.

Sisemi haya ili kuipinga gesi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, ambayo hutokana hasa na moshi wa majiko. Kwa hiyo Serikali ilifanya jambo la busara mwaka 2024 ilipozindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikishia nishati safi ya kupikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Anayesema turudi kwenye kuni kwa kuwa gesi ni hatari amesahau hatari aliyoizoea.

Tatizo ni kwamba mpishi anapopewa mtungi, huutumia kwa desturi alizojifunza kwenye mafiga. Desturi hizo ni nzuri kwa kuni, lakini tatu kati yake zaweza kuua mbele ya gesi.

Ya kwanza ni kutegemea matundu ya juu. Moshi wa moto hupanda, na ndiyo maana majiko mengi yamejengwa yakiwa na uwazi chini ya paa. Lakini gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Mwanafunzi wa kemia na ajumlishe mwenyewe: molekuli ya propani ina uzito wa 44, ya butani 58, na wastani wa hewa ni 29. Basi gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni na kutulia pembeni. Isichanganywe na gesi asilia ya Songo Songo, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani yenye uzito wa 16, nayo hupanda juu. Jiko la gesi ya mitungi halina budi kuwa na njia ya hewa chini, na mlango uwe wazi wakati wa kupika.

Ya pili ni kuuona moto uliozimika kuwa umekwisha. Kuni zikizimika, hatari imepungua. Mwali wa gesi ukizimwa na upepo, au na maharage yaliyofurika, gesi huendelea kutoka na hatari ndiyo kwanza imeanza. Kwa sababu hiyo hiyo utaratibu wa kuwasha hubadilika: kwenye mafiga twapanga kuni kwanza, kisha twawasha kiberiti, kwenye gesi isiyo na kiwashio, njiti iwake kwanza, ndipo koki ifunguliwe.

Ya tatu ni kuweka mioto miwili pamoja. Familia nyingi hupika chai kwa gesi na maharage kwa mkaa, ili kuufanya mtungi udumu. Hesabu yao ya fedha naielewa, lakini jiko la mkaa lililo chini sakafuni limewekwa mahali pale pale gesi inapokimbilia. Mkaa na upikiwe nje. Hata gesi isipovuja, mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Hatari hii ni kubwa kiasi gani? Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5. Gesi hii yaweza kulipuka ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa, yaani mita za ujazo 0.45. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 2 hivi. Kwa hiyo yatosha gesi ya kilo 0.9, isiyofika hata sehemu moja ya sita ya mtungi wa kilo 6. Na kwa kuwa gesi hukusanyika chini kabla ya kuenea, kiasi kidogo zaidi chaweza kudhuru.

Hesabu kama hiyo yafaa ifanywe ubaoni, kisha wanafunzi waende nayo nyumbani. Wawaonyeshe wazazi jinsi ya kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mtungi: mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kamwe wasitafute uvujaji kwa kiberiti. Mtungi usimame wima, mbali na joto, na usilazwe kwa kudhani gesi iliyobaki itatoka. Kitakachotoka huenda kikawa ni gesi ikiwa bado kimiminika, ambayo hupanuka takriban mara 250 inapogeuka kuwa mvuke. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kutia sufuria masizi, gesi haiungui kikamilifu.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali tunayoisikia imetiwa kwa makusudi ili ituonye. Atakayeisikia afunge koki, afungue milango na madirisha, asiwashe wala kuzima taa, na awatoe watu nje. Koki ikigoma kufunga, wote wakae mbali na wapige simu ya Zimamoto, namba 114.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya muuza gesi. Ni kweli kwamba ana wajibu wake, na mnunuzi ana haki ya kumtaka auunge na kuupima mtungi mbele yake. Lakini muuzaji humwona mteja kwa dakika chache, nasi twakaa na watoto wake miaka minne. Densiti, mgandamizo na uunguaji tayari vimo katika masomo yetu. Mwanafunzi anayejibu maswali hayo katika mtihani, huku mama yake akiwasha gesi katika jiko lisilo na uwazi chini, hatujamaliza kumfundisha.