Kabla ya Kupanda Boti, Soma Jina

Wengi wetu huku Kisii tukisikia safari ya ufukweni, akili inakimbia Mombasa. Tunaanza kuchanga, tunaulizia basi la usiku, halafu mchango unakwama katikati na safari inafia kwenye grupu la WhatsApp. Ilhali ziwa liko hapo tu. Ukitoka Kisii asubuhi, ukafika Oyugis na kukata kushoto kuelekea Kendu Bay, chai ya saa nne unainywa ukiangalia maji.

Desemba iliyopita sisi wanne wa timu ya masoko tulifanya hivyo. Tulipanga siku mbili za kuzuru gati za zamani na hoteli za ufukweni: Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, kisha kisiwa cha Rusinga ng'ambo ya daraja. Tulirudi na picha nyingi na aibu moja. Leo tunaandika kuhusu hiyo aibu.

Gati hizi zina historia na sisi watu wa milimani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ndizo zilizounganisha miji hii ya pwani ya ziwa na reli hiyo. Mazao ya Kisii yaliteremshwa hadi Kendu Bay, yakapakiwa, yakaenda zake. Abiria wa meli alilipa nauli kwa karani, akapewa tiketi. Kukiwa na kosa, alijua arudi dirisha gani.

Meli zile za reli ziliacha kuja. Siku hizi gatini unakuta boti za mbao, wavuvi, mama wanaoanika omena, na kila mwenye boti na namba yake ya simu. Karani hayupo tena. Karani ni wewe.

Hapo ndipo tulipoteleza. Baada ya kuzungushwa ziwani na mzee mmoja, tulishuka tukiwa tumekubaliana bei: shilingi 1,200. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi ubavuni mwa boti, na maji yalikuwa yameshaila nusu. Ile tarakimu ya mwisho, ni 3 au 8? Tukakisia 8. Simu ikatuonyesha jina la mtu, nasi tukabonyeza kukubali huku tukicheka na kupiga selfi. Mzee akasubiri ujumbe. Haukuingia.

"Mzee, tumeshatuma, hii hapa," tukamwonyesha skrini.

Akaisoma pole pole. "Hilo si jina langu, vijana wangu. Na mafuta ya boti nimechukua kwa deni."

Hatukuwa na la kujibu. Sisi, ambao kazi yetu ya kila siku ni kuwafundisha wateja! Tulimtumia upya, safari hii kwa namba aliyoitamka mwenyewe, tukasoma jina kwa sauti, akaitika. Kisha tukaripoti ule muamala wa kwanza. Tulikuwa tumechelewa, aliyepokea alikuwa ameshazitoa. Mpaka leo 1,200 hiyo hatujaiona.

Lakini kilichotuuma zaidi ni alichotuambia mzee baadaye. Mwezi uliotangulia, abiria wawili walimlipa vizuri, akawavusha. Walipofika hotelini wakaomba pesa irudishwe, wakidai wamekosea namba. Alipotaka kununua petroli jioni, akakuta kiasi kile kimezuiwa. Ndiyo maana siku hizi anapenda noti mkononi. Nani atamlaumu?

Msimamo wetu ni huu: usalama wa malipo ya simu hauishii kwa anayelipa. Matangazo mengi, yetu yakiwemo, yanamfundisha mteja kujilinda na matapeli. Ni sawa. Ila mteja huyo huyo anaweza kumuumiza mwenye boti kwa uzembe, au kwa ujanja. Kurejesha muamala ni kwa pesa iliyopotea njia. Si njia ya kudai punguzo, na si dawa ya kujuta baada ya kula raha. Ukiomba irudishwe pesa ya huduma uliyopokea, huo ni wizi.

Na kwa upande wetu wa kampuni za malipo, hatuwezi kumwambia mzee wa gatini "chukua till" halafu tukaondoka. Anahitaji kibandiko kisichofutwa na maji, mtu wa kumweleza tofauti ya laini ya biashara na laini ya nyumbani, na simu inayopokelewa malipo yake yakizuiwa. Hilo ni deni letu.

Kwa hivyo, ukipanga safari yako ya ziwa, fanya haya:

Hoteli ikitaka malipo ya kushikilia chumba, omba till au paybill yenye jina la biashara. Ukiona jina la mtu binafsi, piga simu hotelini kwanza, tena kwa namba uliyoipata kwingine, si ile iliyotumwa pamoja na ombi la pesa.

Botini, uliza jaketi la kuokoa maisha kabla ya kuuliza bei. Kisha mwenye boti akutajie namba na jina lake. Jina likitokea kwenye simu, lisome kwa sauti. Hamtafanana? Ghairi papo hapo.

Ukikosea, usingoje kufika nyumbani. Anayetumia M-Pesa atume ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuipata ni kazi.

Mchango wa kundi usikae wote kwenye simu moja. Simu hiyo ikiisha chaji au ikitumbukia majini, wote mmekwama. Na bebeni noti kidogo za samaki na boda.

Tutarudi Homa Bay kabla ya mwaka kuisha. Mara hii tutabeba kopo la rangi isiyoshika maji na brashi. Ile tarakimu ya mwisho ni 3, na tunataka kila abiria aione.