Jina Letu Limetangulia Angani, Sisi Tuko Wapi?



Wanafunzi wetu wapendwa, mwaka huu tumeona tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamkulitarajia katika kurasa hizi, nalo ni galaksi za redio. Bila shaka wapo watakaouliza: galaksi za redio zinatuhusu nini sisi watu wa Shinyanga, Kahama na Geita, ambao mazungumzo yetu ni pamba, ng'ombe na dhahabu? Jibu letu ni kwamba zinatuhusu sana, na sababu tutazitaja. Lakini kwanza tufahamu ni kitu gani.

Usiku wa kiangazi, mwezi ukiwa haupo, tazameni juu. Mtaona mkanda mweupe hafifu uliokatiza anga. Hiyo ni Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota ambamo Jua letu ni moja tu. Nje ya galaksi yetu zipo nyingine nyingi mno. Baadhi ya hizo hutoa mawimbi ya redio kwa nguvu kubwa ajabu, na hizo ndizo tunazoziita galaksi za redio. Mawimbi hayo ni ya jinsi ile ile inayotuletea taarifa ya habari nyumbani. Ni ndugu wa nuru, isipokuwa macho yetu hayawezi kuyaona. Nanyi watoto wa maeneo ya machimbo mnajua kwamba jicho peke yake halitoshi. Jiwe lenye dhahabu na jiwe tupu mara nyingi yanafanana, mpaka yapelekwe kwenye karasha na kuoshwa.

Habari hii ilianza na mkwaruzo wa redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mhandisi wa Marekani aitwaye Karl Jansky aliagizwa kutafuta chanzo cha makelele yaliyokuwa yakiharibu mazungumzo ya simu za redio kuvuka bahari. Akagundua kwamba sehemu ya makelele hayo inatoka katika Njia Nyeupe. Mwaka 1937 mhandisi mwingine, Grote Reber, alijenga dishi lenye upana wa mita 9 hivi nyuma ya nyumba yao huko Wheaton, Illinois, kwa fedha zake mwenyewe. Kwa dishi hilo akapokea mwaka 1939 mawimbi makali kutoka kundi la nyota liitwalo Cygnus. Chanzo hicho kikaja kuitwa Cygnus A. Ilipofika mwaka 1954, Walter Baade na Rudolph Minkowski walitangaza kwamba hapo ipo galaksi ya mbali sana. Leo inakadiriwa kuwa iko zaidi ya miaka ya nuru milioni 700 kutoka hapa. Mwaka wa nuru mmoja ni mwendo ambao nuru inausafiri kwa mwaka mzima, ikienda kilomita 300,000 hivi kila sekunde.

Sasa tuangalie umbo lake. Galaksi ya redio kama Cygnus A ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kiini, ambamo lipo shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake. Shimo jeusi la Cygnus A limekadiriwa kuwa na uzito wa takriban Jua letu mara bilioni 2.5. Ya pili ni mikondo miwili myembamba inayotoka pande mbili za kiini. Gesi inapozunguka na kuangukia kwenye shimo, si yote inayomezwa. Sehemu yake hurushwa nje kwa nguvu za sumaku, kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Ya tatu ni mawingu mawili makubwa, moja kila upande, pale mikondo inapogonga gesi iliyoko baina ya galaksi na kutawanyika, kama maji ya bomba yanavyopiga ukuta na kurudi nyuma kwa pande zote. Elektroni zilizomo katika mawingu hayo huzunguka kwenye uga wa sumaku, na kuzunguka huko ndiko kunakotoa mawimbi ya redio. Kutoka ncha hadi ncha, mawingu ya Cygnus A yamechukua karibu miaka ya nuru nusu milioni, wakati galaksi yetu nzima ina upana wa laki moja hivi.

Tafakarini jambo moja. Mawimbi tunayoyapokea leo kutoka Cygnus A yaliondoka huko zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Wakati huo miamba ya Geita yenye dhahabu ilikuwa tayari imekwisha kuzeeka, kwani umri wake unazidi miaka bilioni 2.5.

Wanafunzi wapendwa, hapa ndipo penye hoja yetu. Mambo haya tumeyazoea kuyaona kama mali ya watu wa mbali, na sisi tunadhani hayo si mazoea mazuri. Tunazo sababu tatu.

Kwanza, mahali tulipo. Shinyanga iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo anga la kaskazini na la kusini yote mawili yako wazi kwetu. Mwezi wa Septemba, saa tatu usiku, upande wa Cygnus A huwa juu vizuri kaskazini mwetu. Mwezi wa Juni, saa hiyo hiyo, hupita kusini mwetu Centaurus A, galaksi ya redio iliyo jirani zaidi, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi. Lau macho yangeona redio, mawingu ya Centaurus A yangeonekana yamechukua sehemu ya anga kubwa kuliko upana wa mwezi mpevu mara kumi na tano. Mtu aliyeko London haioni Centaurus A kamwe. Sisi tunazipata zote mbili tukiwa uwanjani kwetu.

Pili, lugha mnayosoma. Nyota kuu ya Cygnus inaitwa Deneb, nanyi mnajua kwamba dhanab ni mkia. Ni mkia wa kuku, kwa kuwa Waarabu waliliita kundi hilo Dajaja. Nyota angavu kuliko zote katika kundi la Centaurus ni Rigil Kentaurus, na rijl ni mguu. Abdurrahman as-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, aliandika kwenye kitabu chake cha nyota, mnamo mwaka 964, juu ya wingu dogo ambalo leo tunalijua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Elimu ya falaki, ambayo kwayo tunatafuta kibla na kuhesabu miezi, ndiyo mama wa elimu hii. Basi mwanafunzi wa madrasa akiingia katika somo hili, hawi mgeni.

Tatu, na hili ndilo lililotufanya tuandike, jina letu limekwisha kutangulia huko. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Walichagua ikweta kwa sababu kuzunguka kwa dunia huko kunaisaidia roketi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ile ikaitwa kwa Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na miongoni mwa vyanzo ilivyovipokea vilikuwemo Cygnus A na Centaurus A. Ilionyesha pia kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei, nazo hutoka kwenye gesi ya moto sana iliyoko baina ya galaksi, ile ile ambayo mikondo tuliyoitaja huigonga. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi neno la Kiswahili limo katika vitabu vya fani hii kwa zaidi ya nusu karne. Lakini vyombo vya setilaiti ile viliundwa Marekani, na habari zake zikachambuliwa huko huko. Kwetu limebaki jina. Sisi wa Shinyanga hilo si geni. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi ambayo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alizawadiwa kwa ajili ya ndoa yake. Jiwe lilitoka kwetu, lakini mikono iliyojua kulikata ilikuwa London. Kilichotoka ardhini kilikuwa chetu, na ujuzi ukabaki kuwa wa wengine.

Wenzetu wa Afrika wameanza kuamka. Afrika Kusini ilizindua mwaka 2018 darubini ya redio ya MeerKAT, yenye madishi 64. Kwa darubini hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wametangaza galaksi ya redio yenye urefu wa miaka ya nuru milioni 3.3, wakaipa jina la Inkathazo, neno la Kixhosa na Kizulu lenye maana ya taabu, kwa jinsi ilivyowasumbua kuielewa. Hawa jina ni lao na kazi pia ni yao. Katika mradi mkubwa zaidi wa darubini ya SKA, majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji waliingia katika orodha ya nchi nane washirika wa Afrika. Tanzania haimo katika orodha hiyo.

Tunajua yatakayosemwa. Kwamba galaksi hailipi ada wala haipiki ugali, na kijana aliyeko kwenye maduara anarudi na hela mkononi. Ni kweli kwamba hela ina haja yake, na hatumdharau mchimbaji, kwani wengi wenu mnasomeshwa na jasho lake. Lakini dhahabu huisha na duara hufukiwa. Hisabati na fizikia zinazosoma galaksi ndizo hizo hizo zinazoendesha minara ya simu, mashine za hospitali na uchunguzi wa miamba. Inatuuma kila ikisikika kwamba dhahabu imeonekana mahali papya, halafu madawati yanaanza kubaki wazi. Inatuuma zaidi kumwona mtoto hodari wa hesabu akiikimbia fizikia kwa sababu tu ameambiwa ni ngumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nasaha zetu ni chache. Mkifika mahali pa kuchagua masomo, msiikimbie fizikia wala hisabati. Mwenye kupata kompyuta ajifunze kuandika programu, maana mwanafalaki wa leo hutumia saa nyingi mbele ya kompyuta kuliko mbele ya darubini. Habari nyingi za darubini kubwa zimewekwa wazi katika intaneti, bila malipo. Nanyi wazazi mtakaosomewa makala hii, mtoto akiuliza juu ya nyota, msimwambie kwamba hayo hayamhusu.

Anga la Shinyanga halina mwenye leseni wala uzio. Jina la Kiswahili lilikwisha kupelekwa huko na wengine mwaka 1970. Tunataka litakalofuata lipelekwe na mmoja wenu.