Abakosti ishonwe nyumbani

Kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990, karavati ilikuwa marufuku katika Zaïre. Wanaume wa kazi za serkali walivaa abakosti, jina lililotoka katika Kifaransa: chini kostimi! Lakini wakubwa wenyewe waliagiza abakosti zao kwa washonaji wa Ubelgiji. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza vyama vingi, karavati ikarudi, na koti ile ikafungiwa sandukuni.

Leo kuna vijana wanaoipenda tena. Wengine wanasema ni nguo ya udikteta, na kweli watu walilazimishwa. Kinachotofautisha ni kuchagua mwenyewe, na kushona mwenyewe.

Ukipata abakosti ya babu iliyochakaa, fumua mishono polepole. Vipande vyake ndivyo kipimo chako. Kata kwanza shuka kuukuu, jaribu mwilini, halafu kata kitambaa kizuri. Mashini ya miguu inatosha, hata umeme ukikosekana. Ugumu uko kwenye kola: bila kitambaa kigumu ndani, inalala kama ya pijama. Hapo muite fundi mzee wa mtaa, angali yupo.