Kikao cha familia kwenye simu: saa imfuate aliye kambini



Siku hizi familia nyingi za Ituri hazina tena baraza la kukalia pamoja. Baba mkubwa yuko Bunia mjini. Shangazi yuko kwenye mahema ya Kigonze. Watoto wake wawili walivuka Ziwa Albert wakati wa vita na mpaka leo wako Kyangwali, Uganda. Mjomba anafanya kazi Kinshasa. Kijana mkubwa alichukuliwa na mpango wa wakimbizi, sasa yuko Ohio, Marekani. Wengine wako Ubelgiji, wengine Australia. Baraza limehamia kwenye simu, ndani ya kikundi cha WhatsApp. Humo ndimo yanaamuliwa mambo ya mahari, ya matanga, ya masomo ya yatima, na ya kiwanja kilichobaki kule Djugu.

Maoni yangu ni haya: katika familia nyingi, anayetuma pesa ndiye anayepanga saa ya kikao. Kwa njia hiyo, hata kama hakuna mwenye nia mbaya, aliye kambini anatolewa katika maamuzi ya ukoo wake. Desturi hiyo tuibadilishe. Saa ya kikao imfuate yule ambaye hali yake ni ngumu kuliko ya wote.

Tuhesabu kidogo. Ndugu wa Ohio anatoka kazini, anakula, anapumzika, kisha anaandika kwenye kikundi: "Tukutane siku ya posho saa mbili ya usiku." Kwake ni saa nzuri. Lakini saa mbili ya usiku ya Ohio, hapa Bunia ni saa nane ya usiku, na siku imeshageuka kuwa ya Mungu. Ikifika miezi ya baridi kwao, inakuwa saa tisa ya usiku. Shangazi wa Kigonze amelala, au simu imezimika, au simu yenyewe ni ya jirani. Asubuhi anapopata mtandao anakuta sauti kumi na tano, na ya mwisho inasema: "Basi tumekubaliana." Nani amekubaliana? Kiwanja kinachouzwa ni kile alichokilima yeye miaka yote. Binti anayeolewa ni yule aliyemlea yeye.

Wanaoishi mbali wasifikiri kwamba mtu wa kambini anakosa kikao kwa uvivu. Simu moja inatumiwa na nyumba mbili au tatu. Chaji inanunuliwa pale kwenye paneli ya jua, na mwenye paneli anafunga jioni. Mega zinanunuliwa kidogo kidogo, na mara nyingi pesa ya mega inatoka kwenye pesa ya unga. Usiku, mwanga wa simu ndani ya hema unaita mwizi, na mama hawezi kutoka nje kutafuta mahali penye mtandao. Aliye ng'ambo anaweza kuamka saa moja mapema, akakaa kitandani na simu yenye chaji. Uzito wa mmoja haulingani na uzito wa mwingine.

Tena kuna mitego ambayo inatuvuruga hata pale tunapokuwa na nia njema.

Mtego wa kwanza ni namna ya kutaja saa. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka: saa mbili ya asubuhi ni 8:00. Mtoto aliyekulia Ohio au Bruxelles akisikia "saa mbili" anafikiri ni 2:00. Hapo kuna tofauti ya saa sita, na kikao kimekwisha kabla yeye hajafungua simu.

Mtego wa pili ni majina ya siku. Kwetu Kongo siku ya tatu ni ile ya katikati ya juma, ambayo Watanzania na Wakenya wanaiita Jumatano. Lakini mtoto aliyesomea kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akisikia "siku ya tatu" anaweza kushika Jumatatu, ambayo kwetu ni siku ya kwanza. Ni siku mbili za tofauti kwa neno moja la lugha moja.

Mtego wa tatu ni saa zenyewe. Sisi watu wa redio tumezoea kutaja saa ya Kinshasa na saa ya Lubumbashi, kwa sababu Kongo ina majira mawili. Bunia inafuata ya Lubumbashi, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Uganda, Kenya na Tanzania ziko mbele yetu kwa saa moja. Ziwa Albert ni moja na samaki ni wale wale, lakini ukifika ng'ambo saa imetangulia. Rwanda na Burundi wako sawa na sisi.

Kisha wazungu wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. Marekani inafanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya inafanya Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna majuma machache ambapo Ulaya na Marekani wenyewe hawako kwenye hesabu yao ya kawaida. Arizona, karibu jimbo zima, haisogezi saa kabisa. Brisbane ya Australia haisogezi, lakini Melbourne inasogeza. Familia inayosema "saa ile ile ya siku zote" bila kutaja mji inajitafutia ugomvi.

Kuna watu ambao wameshatafuta dawa ya tatizo hili, na tunaweza kujifunza kwao hata kama jambo lao ni la kucheza tu. Kuna mchezo wa kusimulia hadithi pamoja, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, unaoitwa Dungeons & Dragons. Msimulizi mmoja anaongoza, na kila mchezaji anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi. Wanarusha dadu kama kwenye ludo ili kujua kama jambo alilojaribu mtu limefaulu. Zamani walikaa kwenye meza moja. Leo wengi wanacheza kwa intaneti, mmoja Ulaya, mwingine Amerika, mwingine Asia, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miezi au miaka.

Adui mkubwa wa mchezo huo ni kupanga saa, kama ilivyo kwetu. Vikundi vinavyodumu vina desturi ambazo ni rahisi kuzielewa. Wanachagua siku moja isiyobadilika, hawaanzi majadiliano upya kila juma. Wanachagua saa ya mji mmoja iwe kipimo, na kila mtu anajihesabia yake. Wanakubaliana mapema kwamba wakifika watu wangapi mchezo unaendelea. Wanaandika muhtasari kwa ajili ya aliyekosa. Na katika vikundi vingi, mchezaji asipokuwepo, mtu wake ndani ya hadithi haguswi: hauawi, wala mali yake haigawiwi, mpaka mwenyewe arudi.

Nilipoelezwa jambo hilo la mwisho nilitafakari sana. Watu wanalinda mali ya kubuni ya mwenzao aliyekosa mtandao. Sisi tunauza kiwanja cha kweli cha dada yetu wakati yeye amelala.

Basi napendekeza hivi. Kipimo kiwe saa ya hapa, ya Bunia, kwa sababu walio kambini wako hapa na saa ya hapa haisogei. Siku iwe ya Mungu, Jumapili. Saa iwe nane ya mchana, yaani 14:00. Wakati huo hapa watu wametoka kanisani, jua bado liko juu, na paneli inachaji. Kyangwali ni 15:00. Kinshasa ni 13:00. Bruxelles ni 14:00 wakati wa joto na 13:00 wakati wa baridi. Ohio ni 8:00 asubuhi wakati wa joto na 7:00 wakati wa baridi, kabla hawajaenda ibadani. Brisbane ni 22:00.

Kuna jambo moja zuri hapo kwa watoto waliokulia Ohio. Kuanzia Machi mpaka Novemba, namba ya saa yao ya ukutani inalingana na saa yetu tunavyoitaja kwa Kiswahili. Bibi akisema "saa nane", saa yao inaonyesha 8. Akisema "saa tisa", inaonyesha 9. Wakati wa baridi wapunguze moja.

Najua kuna watakaonijibu: "Sisi huku tunafanya kazi usiku kiwandani, na ndiyo inayolisha nyumba huko." Ni kweli, na tunawashukuru. Mtu aliyekesha kwenye mashine anastahili usingizi wake, na akikosa kazi siku moja anaweza kufukuzwa. Aliye Arizona, saa nane yetu inamkuta 5:00 alfajiri. Aliye Brisbane anaingia kazini kesho yake. Kwa hiyo mzigo huo wagawane walio ng'ambo: mwezi huu kikao kisogee saa moja mbele kwa ajili ya Arizona, mwezi ujao kirudi saa moja nyuma kwa ajili ya Brisbane. Lakini kibaki ndani ya mchana wa Bunia. Na asiyeweza kabisa aache sauti yake mapema, isikilizwe kikao kinapofunguliwa.

Pesa ya mega pia ihesabiwe kuwa sehemu ya kikao. Kama ukoo unaweza kuchanga kwa ajili ya matanga, unaweza kumtumia shangazi mega za saa moja, siku moja kabla.

Na liwepo katazo moja ambalo wazee wetu wangelielewa bila kuelezwa. Zamani, kama jambo linamhusu mtu, baraza lilimtuma kijana akamwite, nalo likangoja. Basi jambo la shamba, la ndoa au la mtoto lisiamuliwe siku ambayo mwenye jambo hayupo. Liahirishwe mpaka kikao kinachofuata. Katika vita hivi tumeshazoea kungoja mambo mengi, juma moja halituvunji.

Atakayeandika tangazo la kikao kijacho aandike siku kwa majina yote mawili, saa kwa namba, na mji mbele yake: "Siku ya Mungu, Jumapili. Bunia 14:00, saa nane ya mchana. Kyangwali 15:00. Kinshasa 13:00." Aendelee hivyo kwa kila mji wenye ndugu. Kisha ataje jambo litakalozungumzwa. Akimaliza, kabla ya kulala, ampigie simu aliye kambini amuulize kama saa hiyo ataweza. Akisema hataweza, aliandike upya.